Msomaji Asiyeijua Shule Yangu

Wakuu wa shule wenzangu huniuliza, wengine kwa upole na wengine kwa kejeli kidogo, kwa nini mtu mwenye bodi ya kuijibu, wazazi wa kuwapokea na ratiba isiyotulia ajiongezee kazi ya kuandika blogu. Jibu lililozoeleka ni kwamba tunaandika ili tubadilishane uzoefu. Sina ugomvi nalo, ila kila ninapolisikia naona limeishia juujuu, kwa kuwa uzoefu tunabadilishana hata kwenye semina na kwenye simu. Leo nimechapisha makala kuhusu namna tunavyotumia vikao vya walimu, na kazi ya kuiandaa imenirudisha kwenye swali hilo, hivyo nimeona nilijibu kwa kirefu.

Shuleni mkuu amezungukwa na watu kutwa nzima, lakini hana wa daraja lake. Mwalimu wa hisabati anaweza kumwendea mwalimu mwingine wa hisabati akamweleza kwamba wanafunzi hawakuelewa mada ya leo hata baada ya kuirudia, na makamu wangu anaweza kuja kwangu. Mimi nikisema mbele ya walimu kwamba sina hakika kama ratiba yetu inatufaa, kufikia wakati wa mapumziko itakuwa imeshakuwa habari kwamba ratiba inabadilishwa, na watakuwapo walioanza kupanga vipindi vyao upya. Mkuu akiwaza kwa sauti, wanaomsikia hupokea agizo au dokezo. Nikiyapeleka mashaka hayohayo kwa walio juu yangu, nayapeleka kwa watu ambao kazi yao ni kunipima, na hakuna anayependa kumkabidhi mpimaji wake orodha ya mambo asiyoyajua. Mwanasosholojia wa Marekani Dan Lortie alieleza mwaka 1975 jinsi walimu wanavyofanya kazi wakiwa wametengwa, kila mmoja darasani mwake, wakijifunza ufundi wao peke yao. Nadhani mlango wa ofisi ya mkuu ni mzito kuliko ule wa darasa, maana darasani walau wapo wanafunzi ambao nyuso zao hukuonyesha kwamba hujaeleweka.

Juu ya upweke huo kuna vurugu za siku yenyewe. Henry Mintzberg, mtaalamu wa uongozi kutoka Kanada, aliwafuatilia watendaji wakuu watano kazini mwao, mmoja wao akiwa msimamizi wa mfumo mzima wa shule, na katika kazi aliyoichapisha mwaka 1973 alionyesha kwamba nusu ya shughuli zao hazikufika dakika tisa. Mkuu wa shule anayesoma takwimu hiyo hutabasamu, kwa sababu anaijua bila kuambiwa. Mzazi mlangoni, mwalimu mgonjwa, kipindi kisicho na mwalimu, simu, ugomvi wa wanafunzi wawili, tena simu. Muongo mmoja baada ya Mintzberg, mwaka 1983, Donald Schön, mwanafalsafa wa Marekani aliyechunguza jinsi wanataaluma wanavyofikiri kazini, alitofautisha kufikiri kunakofanyika ndani ya tendo na kufikiri kunakofanyika baada ya tendo kupita. Kule kwa kwanza tunakufanya tangu kengele ya asubuhi, na bila hivyo shule isingekwenda. Kule kwa pili hakuna anayekupangia muda wake, na usipokutengea mahali, mambo ya mwaka mzima yanapita mikononi mwako bila kukuachia ujuzi wowote unaoweza kumweleza mtu mwingine.

Mtu anaweza kusema, kwa haki kabisa, kwamba daftari la kawaida lingetosha kwa kazi hiyo. Ninalo, na nalipenda. Tatizo la daftari ni kwamba msomaji wake ni mimi, na mimi najua kila kitu kinachokosekana kwenye sentensi zangu. Niliwahi kuandika humo kwamba tunabadilisha utaratibu wa wanafunzi wanaochelewa kwa sababu ule wa zamani haufanyi kazi, na kwangu sentensi hiyo ilijitosheleza. Nilipotaka kuigeuza kuwa makala, nikimfikiria mkuu mwenzangu aliye mbali ambaye hajawahi kuliona geti letu, haikusimama hata kidogo. Haufanyi kazi kwa vipi? Wanaochelewa ni nani, na ni siku zote au siku fulani? Ili niandike aya moja ya kueleweka ilinibidi kufungua daftari la mahudhurio, na humo ikaonekana kwamba majina yanayojirudia ni machache, na wengine huchelewa mara mojamoja kama binadamu yeyote. Utaratibu ulikuwa umewekwa kwa ajili ya wote, ilhali tatizo lilikuwa la wachache na kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Makala ilipotoka, mkuu mmoja wa shule yenye mazingira tofauti kabisa na yetu aliuliza swali moja tu: katika dakika zile za mwanzo, mwanafunzi aliyechelewa anakosa nini? Kwetu hakuna aliyewahi kuuliza hivyo, kwa sababu sote tulijua kwamba muda huo ni wa matangazo na kuita majina, na jambo linalojulikana na wote halizungumzwi. Swali lile lilihamisha mjadala wetu kutoka getini na kuupeleka kwenye kipindi cha kwanza, yaani kwenye kuuliza kama tumeweka mwanzoni mwa siku kitu ambacho mwanafunzi angejuta kukikosa. Waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone walijua wanachosema, na nisingepata mgeni wa namna hiyo kwenye kikao chochote cha kwetu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoisifu blogu kwa sababu ya wingi wa wasomaji. Faida yake, kwa ninavyoona, ni umbali wa msomaji. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1973, alionyesha kwamba watu wengi walipata habari za kazi mpya kupitia kwa watu waliofahamiana nao kidogo, kuliko kupitia kwa marafiki wa karibu, na sababu yake ni nyepesi: rafiki wa karibu anajua yaleyale unayoyajua. Wakuu wa shule za jirani tunahudhuria semina zilezile, tunapokea nyaraka zilezile na tunalalamikia mambo yaleyale kwa maneno yaleyale. Nawaheshimu na nawahitaji, hasa siku ya dharura, lakini ni nadra wanishangaze. Hata hivyo sidai kwamba suluhisho la mkuu aliye mbali linaweza kubebwa na kupandikizwa kwangu. Idadi ya wanafunzi ni tofauti, mamlaka ya mkuu ni tofauti, walimu ni tofauti, na nimesoma makala nyingi zinazoeleza mpango mzuri bila kutaja masharti yaliyoufanya uwezekane. Swali zuri husafiri vizuri zaidi kuliko suluhisho, na kwa sababu hiyo siku hizi nikisoma maandishi ya wenzangu naanza kutafuta walichokuwa wanajiuliza kabla ya kuamua.

Kuna aina moja ya uandishi wa wakuu wa shule ambayo siioni kuwa na faida ya kujifunza, nayo ni ile ya ubao wa matangazo: picha za mahafali, pongezi, hotuba ya mgeni rasmi. Wazazi wanayahitaji hayo na yana mahali pake. Ila mkuu anayeandika mafanikio peke yake hajiachii nafasi ya kuambiwa kitu chochote zaidi ya hongera.

Sehemu iliyonichukulia muda mrefu zaidi kuipatia utaratibu ni ile ya yasiyoandikika. Kesi ya nidhamu iliyo mbele ya kamati haiandikwi, mgogoro na mwalimu hauandikwi, na habari ya mwanafunzi haiandikwi kwa namna ambayo yeye au mzazi wake anaweza kujitambua. Wengi hudhani kubadilisha jina kunatosha. Shuleni jina ndilo jambo dogo kuliko yote: ukitaja kidato, mwezi na kilichotokea, kila aliyekuwapo anajua ni nani, na miaka kadhaa baadaye mwanafunzi huyo atakuwa mtu mzima ambaye mkasa wake wa utotoni bado uko hewani. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, kama ile ya Umoja wa Ulaya iliyoanza kutumika Mei 2018, huwataja watoto kuwa ni watu wanaostahili ulinzi mahususi, lakini hata pasipo na sheria ya namna hiyo dhamana ya ualimu inatosha kutufunga. Kipimo changu ni kuwaondoa watu wote kwenye rasimu, kisha kuangalia kilichobaki. Ikibaki hoja kuhusu uamuzi, yaani tulikuwa na njia zipi, tulipima nini na tulichagua kwa sababu gani, naendelea kuandika. Isipobaki kitu, ina maana nilikuwa nataka kumsimulia mtu, na rasimu naifuta. Sikutarajia kwamba zoezi hilo lingenifuata hadi kwenye vikao, ambako sasa najikuta nikijiuliza kama tunajadili utaratibu wa utoro au tunamjadili mtoto fulani aliyetuchosha.

Walimu wangu nao husoma, na jambo hili lina pande mbili. Mtafiti wa uongozi wa shule kutoka New Zealand, Viviane Robinson, na wenzake, katika uchambuzi wa tafiti nyingi walioutoa mwaka 2008, waliona kwamba miongoni mwa mambo yanayofanywa na viongozi wa shule, lililohusiana zaidi na matokeo ya wanafunzi ni kiongozi kuhimiza mafunzo ya walimu na kushiriki mwenyewe katika mafunzo hayo. Mwalimu anayemwona mkuu wake akihoji hoja yake mwenyewe kwa maandishi anapata ruhusa ambayo haiwezi kutolewa kwa waraka. Upande wa pili ni kwamba mwalimu huyohuyo anaweza kuisoma makala akitafuta mahali alipotajwa yeye, na akitafuta kwa bidii atapaona. Kwa hiyo halitoki jambo lolote la shule yetu nje kabla halijasemwa ndani, kwenye kikao, kwa mdomo wangu na kwa nafasi ya kubishiwa. Makala zangu huchelewa kwa sababu hiyo, na hupoteza ule moto wa siku yenyewe. Hasara hiyo naikubali bila majuto, maana moto wa siku yenyewe mara nyingi ni hasira tu.

Makamu wangu, ambaye naye siku moja atakabidhiwa shule, ameniuliza aanzie wapi. Nimemshauri asifungue ukurasa wowote kwanza, bali achague wakuu wachache wanaoandika kwa uangalifu, awasome kwa muda, awaandikie maswali ya kweli na ayafuatilie majibu. Mahusiano yatatangulia na makala zitafuata. Nimemwambia pia kwamba atakapoamua kuanza, ukurasa uwe kwa jina lake, usiwe wa shule, kama nilivyofanya wangu, kwa kuwa mkuu huhamishwa, na atakayekuja nyuma yake hastahili kurithi mashaka ya mtangulizi na kulazimika kuyatolea maelezo mbele ya wazazi.