Harusi ya Nani Hii?

Mwaka wa pili wa chuo, Dar es Salaam, tulipewa kazi ya darasani: tuchukue kurasa chache za riwaya ya Kiswahili, tuzigeuze filamu ya dakika saba. Kundi letu likachagua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka 1971, kisa cha kisiwani Ukerewe, Ziwa Victoria; tukachukua pale Zakaria anapompiga bintiye kwa sababu ya barua ya mvulana. Mimi nikaangukiwa na muziki.

Kwetu ni Tanga. Huzuni ninayoijua mimi ina fidla na ganuni, basi nikatafuta taarabu ya zamani, nikailaza chini ya kile kipigo. Usiku niliisikiliza peke yangu, machozi yakanilenga.

Tulikuwa tukihariri Sinza, kwa shangazi wa rafiki yangu, Mkerewe aliyezaliwa na kukulia kisiwani. Alikuwa kakaa mkekani anapeta mchele. Zakaria wetu alipoinua mkono na fidla zikaanza kulia, shangazi akauliza bila hata kugeuka, "Harusi ya nani hii, mwanangu?"

Watu walicheka. Mimi nilinuna mpaka asubuhi, nikampelekea mwalimu utetezi. Wiki ileile alikuwa ametuonyesha Barry Lyndon ya Stanley Kubrick, filamu ya 1975 iliyotokana na riwaya ya Thackeray. Kisa ni cha karne ya 18. Lakini Barry na Lady Lyndon wanapotazamana mezani pa kamari, mishumaa ikiwaka, inaingia piano, kisha selo: Schubert, muziki wa 1827. Hawasemezani neno. Lady Lyndon anatoka nje, Barry anamfuata, muziki unakwenda nao taratibu hadi wanapobusiana. Kubrick kadanganya wakati akasifiwa. Mimi kudanganya mahali imekuwa nongwa?

"Kubrick alisikiliza sahani za muziki wa karne ya 18 mpaka akatosheka kwamba humo hamna mapenzi ya simanzi anayoyataka," mwalimu akasema. "Wewe umesikiliza nini cha Ukerewe?"

Hakuna.

Rafiki yangu akataja enanga, ala ya nyuzi ya wazee wa kwao, ila kwa siku tatu zilizobaki mpigaji tungemtoa wapi? Kumbe muziki tulikuwa nao ndani. Shangazi akipeta mchele huvumisha wimbo wa kubembeleza mtoto, nusu maneno, nusu pumzi. Tukamwomba, tukamrekodi kwa simu palepale mkekani.

Kipigo tukakiacha kikavu. Sauti yake tukaiingiza baadaye, pale Regina, mkewe Zakaria, anapomkanda bintiye kwa maji ya moto. Nikajiona nimemaliza.

Shangazi aliitazama kazi yote kwa makini. Mwisho akanigeukia.

"Sasa huyu mama, mwanawe anaugulia, yeye anapeta mchele?"

Tukarudisha nyuma. Kweli, chini ya wimbo punje zilikuwa zikiruka kwenye ungo: cha, cha, cha. Nikavuta kiti, nikaanza kuzitoa.