Mchekeshaji Anapojifanya Mshauri

Vitabu vya kujiendeleza huandikwa kwa sauti ya amri: amka alfajiri, ondoa hofu, achana na marafiki wanaokurudisha nyuma, na mwandishi haulizwi ameyajuaje hayo. Mchekeshaji wa jukwaani akiiazima sauti hiyo na kutoa ushauri wa kipuuzi bila kutabasamu, mzaha unakuwa umefika nusu ya safari kabla hajaueleza.

Eugene Mirman, aliyezaliwa Moscow na kukulia Marekani, alifanya hivyo mwaka 2009 katika The Will to Whatevs, kitabu kinachojidai kumwongoza msomaji katika maisha ya kisasa. Kinachekesha, ila si hadi mwisho. Jukwaani mchekeshaji ana macho, ana kituo, ana ukimya anaowaachia watazamaji waujaze wenyewe; kwenye karatasi, upuuzi ukifuatana na upuuzi mwingine, msomaji huanza kujua kila aya inaelekea wapi.

Kinachodumu, kwa maoni yangu, ni How to Be Black cha Baratunde Thurston, kilichotoka mwaka 2012. Thurston ni mzaliwa wa Washington aliyesoma Harvard na kufanya kazi The Onion, chombo cha habari za kubuni kinachoishi kwa tashtiti. Kitabu kilitolewa Februari ikiwa inabisha hodi, mwezi ambao Wamarekani huadhimisha historia ya watu weusi, na mwandishi anaanza utani hapo hapo kwa kudhani kwamba msomaji amekishika kwa sababu ya mwezi wenyewe.

Sura zake zinafundisha namna ya kuwa rafiki mweusi, mfanyakazi mweusi, hata rais mweusi ajaye. Hiyo ya mfanyakazi ndiyo ningempa mtu aisome kwanza. Kwa upole wa afisa utumishi anayempokea mgeni, Thurston anamweleza mwajiriwa kwamba ana kazi mbili: ile aliyoombea, na ile ya kuwa mweusi, ambayo ni pamoja na kuwasemea watu weusi wote na kuikinga kampuni isituhumiwe ubaguzi. Hakuna mahali anapopandisha sauti. Kitabu cha kawaida cha kujiendeleza humwambia msomaji kwamba kasoro ni yake na dawa anayo mwenyewe. Huyu anamfundisha, kwa utaratibu na adabu zote, kuhudumia kasoro za watu wengine, na kadiri mwongozo unavyokuwa makini ndivyo wanaousababisha wanavyozidi kuumbuka.

Chini ya mzaha kuna maisha ya kweli, na hapo ndipo Mirman anapoachwa mbali. Baba yake Thurston aliuawa yeye akiwa bado mtoto. Mama alimlea peke yake, akampeleka Sidwell Friends, shule ya binafsi ya wenye uwezo, na wakati huo huo akamwandikisha katika mafunzo ya jando la kisasa kwa vijana weusi, ili shule isimwondolee asili yake. Kurasa hizo hazina ushauri wowote, na ndizo zinazoupa ushauri wa kejeli uzito.

Kuna pia jopo la watu saba, akiwamo mchekeshaji W. Kamau Bell, walioulizwa ni lini walitambua kwamba ni weusi. Christian Lander, ambaye ni mzungu, amewekwa humo kama kipimo cha kulinganishia, na hiyo ni kejeli tosha. Niliyetamani kumsikia zaidi ni Derrick Ashong, mzaliwa wa Ghana, kwa kuwa Mwafrika anayehamia Marekani hukutana na swali hilo akiwa tayari na kwao kwingine na jina la ukoo, na kuna sura nzima hapo ambayo kitabu kiliigusa tu kikapita.