Siku moja maishani mwangu: msimulizi, dadu na wachezaji waliokosana

Saa 2:00 asubuhi

Kazi yangu ni kusimulia michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Kila mchezaji humchukua mhusika mmoja, mimi huuchukua ulimwengu uliobaki pamoja na maadui waliomo, na dadu huamua yale ambayo maneno peke yake hayawezi kuyaamua. Jioni ya leo nilikuwa na kundi la wachezaji wanne, ambao wahusika wao ni mwizi, mpiganaji, mchawi na mganga, wanaofuata kanuni za toleo la tano la Dungeons & Dragons, lile lililotoka mwaka 2014, na kundi hilo liliachana vibaya mara ya mwisho.

Kabla ya kujibu ujumbe wowote nilifungua daftari la kikao kilichopita, kwa sababu ujumbe wa mtu aliyekasirika huonyesha hasira yake vizuri zaidi kuliko unavyoonyesha chanzo cha hasira hiyo. Yaliyotokea ni haya: mwizi alitangulia peke yake gizani akafungua mlango ambao wenzake hawakuwa tayari kuukabili, maadui wakamiminika, mpiganaji akaziba njia kwa mwili wake, kisha mchawi akarusha tufe la moto katikati ya chumba ilhali mpiganaji bado yumo. Tufe hilo hufunika nusukipenyo cha futi 20, yaani takriban mita 6, na madhara yake hupimwa kwa dadu 8 za pande sita, ambazo kwa wastani huondoa pointi 28 za uhai, yaani hesabu ya majeraha ambayo mhusika anaweza kuyastahimili kabla ya kuanguka. Mpiganaji alikuwa amekwisha kujeruhiwa, akaanguka. Mchezaji wake alikusanya dadu zake akaondoka bila kuaga.

Mchawi alipoulizwa sababu, alijibu: “Ndivyo mhusika wangu alivyo.” Sina jibu ninalolisikia mara nyingi zaidi ya hilo katika kazi hii, na sina ninalolikataa kwa uthabiti zaidi. Mhusika hana nia iliyo nje ya mtu anayemchezesha. Mchezaji ndiye aliyemuumba akiwa na hasira za haraka, naye ndiye anayeweza kumpa, katika dakika ileile, sababu ya kusita: kumbukumbu ya deni, hofu, hata mapenzi ya siri kwa rafiki yake aliye vitani.

Saa 4:00

Nilimpigia simu kwanza mchezaji wa mpiganaji. Katika mazungumzo ya namna hii huuliza maswali mawili tu, nini kilitokea na unataka nini kifanyike, kisha huacha mtu aseme mpaka amalize.

“Kaka, mimi sikukasirika kwa sababu nilianguka,” alisema. “Kuanguka ni sehemu ya mchezo. Nilisema ngojeni. Nikarudia, tena kwa sauti. Hakuna aliyegeuka hata kunitazama.”

Kama ningetegemea daftari langu, ningedhani ugomvi ni wa pointi za uhai. Kumbe ulikuwa ugomvi wa mtu aliyeongea mezani pasipo kusikilizwa, na hilo haliponywi na dawa yoyote iliyomo ndani ya hadithi.

Saa 5:30

Kwa mchawi niliuliza maswali yaleyale, kwa mpangilio uleule, na sikumfikishia maneno ya mwenzake. Kila mmoja ana haki ya kuyasema ya kwake mwenyewe akiwa ana kwa ana na wenzake. Alianza kwa kujitetea, kisha akasema jambo ambalo ndilo lililobeba mchana wangu wote: “Mwizi alipokuwa anapeleleza, sisi watatu tulikaa tu. Nilingoja karibu saa nzima. Zamu yangu ilipofika, nilitaka kitu kitokee.”

Hapo ndipo ushirikiano mbovu huzaliwa mara nyingi, na watu hawauoni kwa sababu wanatafuta mwenye tabia mbaya. Mmoja akijitenga na kundi, wasimulizi wengi humfuata, wengine hukaa bila la kufanya, na uchovu wao hugeuka papara mara tu nafasi inaporudi. Mwizi hakuwa na nia mbaya, maana kanuni zenyewe humpa uwezo wa kunyemelea na kufungua makufuli. Mchawi naye hakumchukia mpiganaji. Lakini muda wa meza uligawanywa kwa namna iliyomfanya kila mmoja acheze mchezo wake peke yake.

Saa 8:00 mchana

Mchana ni wa maandalizi. Baadhi ya wasimulizi wangemwadhibu mchawi ndani ya hadithi: mungu aliyekasirika angempiga radi, au walinzi wangemkamata mjini. Mimi sifanyi hivyo kamwe. Mchezaji anayeadhibiwa kupitia mhusika wake hujifunza kwamba msimulizi ni adui yake, na wenzake hujifunza kwamba kutoelewana kwao kutamalizwa na mwenye nguvu kuliko wote. Jambo lililotokea baina ya watu huzungumzwa na watu, dadu zikiwa bado ndani ya mfuko.

Mchezo huu ulipochapishwa mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson waliujenga juu ya desturi ya michezo ya vita ya mezani, ila badala ya kuamuru jeshi kila mchezaji akapewa mtu mmoja mwenye upungufu wake. Mpiganaji hawezi kutenda miujiza, na mchawi huanguka kwa mapigo machache. Kutegemeana kumo ndani ya muundo wenyewe. Hata hivyo kanuni haziwezi kumlazimisha mtu amtazame mwenzake usoni.

Ndiyo maana sikuandaa ule mtego wa kawaida wa mikono miwili ya chuma inayopaswa kuvutwa kwa pamoja. Watu huvuta, mlango hufunguka, na wanabaki kama walivyokuwa. Kinachowakutanisha ni habari. Niliandika kadi nne, moja kwa kila mhusika, kila moja ikiwa na jambo ambalo yeye peke yake analijua kuhusu pango la leo: mganga anaitambua sumu ya buibui waliomo, mpiganaji amewahi kusikia juu ya daraja bovu, mwizi ameona alama za njia ya pili, mchawi anajua kwa nini utando ule unashika moto upesi. Asiyeuliza hatajua.

Niliweka pia kadi yenye alama ya X, zana iliyobuniwa na John Stavropoulos, ambayo mchezaji yeyote akiigusa jambo linaloendelea hurukwa bila yeye kudaiwa maelezo. Kadi hiyo inahusu maudhui yanayomuumiza mtu, nayo haifai kugeuzwa kuwa turufu ya mabishano, kwa hiyo kwa mabishano nilipanga kupendekeza neno moja tofauti: “simama”.

Saa 12:00 jioni

Walifika wote wanne. Niliwaambia kwamba hatutarusha dadu kabla ya kuzungumza, na kwamba hakuna anayeshtakiwa.

Mpiganaji alisema yale aliyoniambia asubuhi, kwa sauti ya chini zaidi. Mchawi alimsikiliza mpaka mwisho, akasema: “Sikukusikia, ndugu yangu. Wala sikuwa nasikiliza.” Baada ya hapo mambo yaliyobaki yalikuwa ya utaratibu, nao haukuwa mwepesi. Tulikubaliana kwamba anayetaka kutumia nguvu itakayomgusa mwenzake humwuliza mchezaji mwenyewe, na akikataliwa hutafuta njia nyingine. Tulikubaliana kwamba mtu akisema “simama”, mikono yote huondoka kwenye dadu mpaka aseme alichonacho.

Mwizi ndiye aliyepinga pendekezo la tatu, la kufupisha upelelezi wake. “Sasa mimi nitabaki kubeba mizigo?” aliuliza, na swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa mchezaji huyo alimchagua mwizi ili anyemelee. Tulibishana vya kutosha. Mwishowe mganga, ambaye ni nadra kusema, alipendekeza kwamba upelelezi ubaki, lakini kila mlango mmoja nirudi kwa waliobaki niwaulize wanafanya nini wakati huohuo. Mwizi alikubali. Pendekezo hilo lilishinda langu, nikaliandika kama alivyolisema.

Saa 2:00 usiku

Buibui walishuka wahusika walipofika darajani. Mpiganaji alizingirwa na watatu, na mchawi akanyanyua mkono kama mara ile. Kisha akageuka: “Nikirusha sasa, utabaki?”

“Sibaki. Nipe zamu moja nitoke.”

Kanuni zina nafasi ya jambo hilo hasa. Mchawi anaweza kuiandaa nguvu yake na kuishikilia hadi tukio alilolitaja litokee, lakini lazima adumishe umakini, na akijeruhiwa hurusha dadu ya pande ishirini ili asiupoteze. Buibui mmoja alimfikia, akamng’ata. Alihitaji 10 au zaidi. Dadu ilionyesha 8, akaongeza 3 za ustahimilivu wake, akapata 11. Mwizi, ambaye tayari alikuwa ng’ambo ya pili karibu na njia aliyoiona peke yake, alirudi mbio bila kuambiwa akasimama kati ya mchawi na buibui yule. Mpiganaji akajitoa, akaruka pembeni, na tufe likaachiwa juu ya utando.

Wote wanne walikuwa wamesimama kwenye viti vyao. Nilihesabu dadu zile 8 taratibu zaidi ya ilivyohitajika, kwa kuwa nilitaka waipate dakika hiyo kikamilifu.

Si kila kitu kilikwenda hivyo. Nusu saa baadaye mwizi alifungua sanduku bila kumwambia mtu, mchawi akasema “simama”, na sauti zikapanda kidogo kabla hazijashuka. Lakini zilishuka, na mpiganaji ndiye aliyependekeza sanduku lifunguliwe upya mbele ya wote.

Saa 4:00 usiku

Kabla ya kuondoka, kila mmoja hutaja jambo alilolifurahia na jambo analolitamani kwa kikao kijacho. Watatu walitaja daraja. Mganga alisema amefurahia daraja pia, kisha akaongeza: “Natamani siku moja mniulize tunakwenda wapi. Mnaniita mtu akianguka tu.”

Meza ilinyamaza. Mpiganaji, ambaye ameponywa na mhusika huyo kuliko mtu mwingine yeyote, alimwuliza palepale angependa waende wapi. Mganga akataja hekalu alilolelewa mhusika wake, ambalo mimi sijawahi kulichora, na akaanza kueleza ni nani aliyemfukuza huko. Walimwuliza maswali mpaka saa nne na nusu. Niliandika yote, na kesho asubuhi nitampigia ili tulichore hekalu hilo pamoja.