Mchanga wa Bagamoyo

Skrini ya kamera yangu ya kwanza iliharibiwa na mchanga wa Bagamoyo. Nilikuwa napiga picha za harusi ufukweni, upepo wa jioni unavuma, skrini ikashika ukungu wa chumvi. Nikaifuta kwa pindo la shati. Chembe zilizonasa kwenye kitambaa zikafanya kazi ya msasa, ukabaki mchubuko mrefu kutoka kona hadi kona. Wengi hulaumu zipu na vifungo, na kweli kamera inayoning'inia kifuani husuguana navyo. Lakini mchanga mwingi una kwatzi, jiwe gumu kuliko kioo cha kawaida, sembuse plastiki iliyofunika skrini za kamera nyingi.

Kamera iliyofuata niliinunulia protekta mbili za kioo, za kubandika juu ya skrini, unene wa milimita 0.3, zilizokatwa kwa toleo lilelile la kamera. Kusema tu skrini ni ya "inchi 3" hakutoshi, fremu za kamera zinapishana.

Ya kwanza niliibandika sebuleni, feni ya dari inazunguka. Ikaharibika. Kila chembe ya vumbi iliinua kioo na kujizungushia kiputo. Kiputo cha hewa tupu hutoka ukikisukuma kwa ukingo wa kadi. Chenye vumbi hakitoki.

Ya pili nikaingia nayo bafuni. Nilifungulia maji ya moto dakika chache, nikafunga, nikasubiri mvuke utulie, kwa kuwa unaposhuka hushuka na vumbi. Nikazima kamera, nikapuliza skrini kwa kipulizio cha mpira (pumzi ya mdomo huleta mate), ndipo nikaifuta kwa kitambaa chenye spiriti kilichokuja ndani ya pakiti. Dawa ya madirisha yenye amonia haifai kabisa, hula tabaka la kupunguza mng'ao.

Kabla ya kubandua karatasi ya nyuma, nililinganisha kioo na skrini, nikakishika upande mmoja kwa vipande viwili vya selotepu, kikawa kama mlango wenye bawaba. Hapo ndipo kazi yote ilipookolewa. Niliposhusha, chembe moja ilionekana kona ya juu. Nikainua kioo bila kukipoteza mahali pake, nikaiokota kwa kipande kingine cha selotepu, nikashusha tena na kubonyeza katikati kwa kidole kimoja. Gundi ikatambaa yenyewe hadi pembeni, kama mafuta kwenye karatasi.