Begi limefungwa, moyo bado

Wiki ijayo nakwenda Moroni, Komoro, kujitolea kufundisha Kiingereza. Begi nimelifunga mara tatu, nikalifungua mara tatu. Nikigeuka tu, mama keshachomeka kanga nyingine, utadhani huko kisiwani Ngazija hawavai kanga!

Jana jioni niliteremka Raskazone, hapa kwetu Tanga, nikakaa kutazama bahari. Nilidhani naogopa wanafunzi. Kumbe naogopa kuwa bubu. Kule lugha rasmi ni Kikomori, Kifaransa na Kiarabu, na Kifaransa changu kinaishia "bonjour". Kikomori nacho nikikisikia nadaka neno moja moja, kama mtu anayeniita kutoka chumba cha pili. Mwalimu wa lugha asiye na lugha, jamani.

Bibi hana habari na lugha. Yeye kasikia kuna mlima wa moto, Karthala, basi kila sala anauombea usingizi.

Nimeshapatana na dada: nitapiga simu Jumapili tu. Nikipiga kila siku, mwili utakuwa Moroni, roho nyumbani Ngamiani. Alicheka, akasema hatanipa hata wiki.

Mliowahi kufundisha ugenini, usiku wa kwanza mlilalaje?