Siku moja na wimbo wetu watatu

Alfajiri, nikitoka msikitini Vuga, naikuta sauti ya rafiki yangu kwenye simu. Yeye yuko Maskati, saa yao iko moja mbele ya yetu, kwa hiyo hunitangulia kila asubuhi. Leo kaleta ubeti wa mwisho wa shairi tulilokuwa tukilingojea. Kausoma polepole, kisha akaurudia:

Kibarazani nakaa, mahali petu ni pale
Kahawa yako yapoa, nimekutengea tele
Nani wa kunipigia, sauti yetu ya kale

Kwetu Unguja wimbo wa taarab una wenyewe watatu: mwenye shairi, mwenye sauti na mwimbaji. Mimi ndiye mwenye sauti, ninayelitafutia shairi njia ya kuimbwa, na kwenye kikundi napiga kanuni, chombo cha nyuzi nyingi kinacholazwa na kudonolewa kwa vidole. Watu humjua mwimbaji, ndiye anayesimama mbele na ndiye anayetunzwa, na ni haki yake. Ila ninapenda watu wajue pia kinachopita kabla hajasimama. Akiusikia ubeti huu, mtu atasema ni mpenzi kaachwa. Rafiki yangu kamtungia mwenzetu wa tatu, mpiga fidla, aliyefariki. Tulikuwa vijana wa barza moja, tukirudi pamoja kutoka mazoezini usiku, huyu akitunga njiani, mimi nikitafuta sauti mdomoni, na yule akitubishia kila kitu.

Saa 2 nakunywa chai kwa mkate wa ajemi, simu sikioni, nikiusikiliza ubeti tena na tena. Beti mbili za mwanzo nilishazitia kwenye bayati, mojawapo ya maqamu, yaani mipangilio ya sauti tunayotungia nyimbo. Huu wa mwisho hautaki kukaa humo. Neno "yapoa" linaanguka, na sauti lazima ianguke nalo, basi nauhamishia kwenye maqamu nyingine, hijazi. Nikishika njia ya Mchangani ninauimba kwa sauti, na muuza samaki mmoja ananiitikia.

Saa 4 niko DCMA, chuo cha muziki kilichoanza mwaka 2002, na hapa ndipo kazi kubwa ya leo ilipo. Mwanafunzi wangu wa fidla, binti wa skuli ya sekondari, ndiye atakayepiga usiku. Marehemu alikuwa na vijisauti vyake vinne, vya kushuka. Alivipiga kila alipoitoa fidla mkobani, hata kabla ya kumsalimia mtu. Mitaani walikuwa wakivisikia wanajua mazoezi yanaanza. Nimevitia kwenye kipande cha muziki kinachomjibu mwimbaji baada ya "sauti yetu ya kale".

Binti kavipiga safi, vyote vinne sawasawa, na havikuwa vyenyewe.

"Cha mwisho kicheleweshe, mwanangu."

"Kwenye karatasi kimeandikwa hivi, Maalim."

Kweli, na mwandishi wa karatasi ni mimi. Lakini marehemu alikuwa akiuinua upinde kwenye uzi, anavuta pumzi, halafu ndiyo anamalizia. Nimemwimbia, nimemwonyesha kwa mkono, mwisho nikamwambia avute pumzi na yeye. Akavuta pumzi, na mara hiyo kikatoka chenyewe.

Akaniuliza kama ndivyo watu wa zamani walivyofundishana. Nikamhadithia habari za Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, na nyumba yake ya Ng'ambo iliyokuwa ikijaa watu usiku. Pale kulikuwa na Subeti bin Ambari na udi wake, alikuwapo Mbaruk, alikuwapo Buda. Majirani walileta yaliyotokea mtaani na mahakamani, wao wakayageuza nyimbo. Ule wimbo wa Kijiti unamzungumzia mwanamke aliyekuja kutoka Dar es Salaam kuwatembelea marafiki zake, akauawa. Mwaka 1928 Siti na wenzake walivuka bahari mpaka Bombay wakatia sauti zao kwenye santuri. Jina la Siti analijua kila mtoto, na linastahili. Mimi huwasomesha wanafunzi na majina ya wale waliokaa nyuma yake, kwa sababu mtu haimbi hivyo peke yake. Bi Kidude mwenyewe, aliyetutoka Aprili 2013, hakuchoka kumtaja Siti kwamba ndiye aliyemsikiliza akajifunza.

Adhuhuri, chakula, usingizi kidogo.

Saa 9 nimefika Kikwajuni kwa mwimbaji wetu. Kanikaribisha sharubati ya ukwaju, tukakaa ukumbini na karatasi. Kwanza kaniambia nimshushie sauti, maana siku hizi koo lake limezama chini na huko chini ndiko anakojisikia vizuri. Nimekubali mara moja. La pili lilikuwa gumu: hataki "nimekutengea tele".

"Maalim, kahawa haitengwi tele. Hutengwa kikombe."

Nikamwambia kinachotafutwa ni kina, lazima kiishe kwa "le". Hakuridhika. Tukampigia mwenye shairi, naye alikuwa bado kazini, akatutaka tungoje. Aliporudi hewani alikuwa na jibu: marehemu hakuwa akinywa kikombe kimoja, alikuwa akimaliza dele zima la muuza kahawa na sisi tunalipa. Mwimbaji kacheka mpaka kanga ikamteleza kichwani. "Basi nitaiimba," akasema, "kumbe ni kweli." Tangu hapo akaliimba "tele" kwa namna nyingine kabisa, kalinyoosha, kalifurahia. Mtu akishajua neno limetoka wapi, halipiti tena kooni vilevile. Ndiyo maana sipendi kumpelekea mwimbaji shairi bila hadithi yake.

Alasiri ni ya kanuni. Hii yangu ina nyuzi 78, zimepangwa tatu tatu, kila tatu zitoe sauti moja. Daraja lake limekaa juu ya ngozi ya samaki, na kukiwa na unyevu ngozi inalegea na nyuzi zote zinashuka pamoja nayo. Leo pepo za kaskazi zimeleta joto la maji. Nimekaa sakafuni na ufunguo, nakaza mmoja, nasikiliza, nakaza wa pili. Zamani kazi hii tulikuwa tukiifanya wawili: mimi na ufunguo, marehemu ananipa sauti kwa fidla na kunikatalia. Sikio lake lilikuwa kali kuliko langu. Sasa natumia programu ya simu, inaonyesha rangi ya kijani nikifika, lakini mwisho huwa namalizia kwa sikio lile alilonifundisha.

Saa 3 usiku tumeanza. Ni harusi ya Mwanakwerekwe, wanawake tupu, sare za kijani na dhahabu, sisi wapigaji tumepangwa pembeni. Tumefungua kwa bashrafu, kipande cha vyombo vitupu bila kuimba, zikafuata nyimbo wanazozipenda, kisha ukaja wetu. Ubeti wa kwanza watu wamesikiliza tu. Wa pili wakaanza kuangaliana. Ulipofika "kahawa yako yapoa" kinamama wakanyanyuka, noti mikononi, wanakuja mbele kwa madaha, kila mmoja ana wake anayemkusudia. Mmoja kaimba na mwimbaji huku kamwelekea jirani yake kwa kidole. Nimefurahi sana. Wimbo ukiwa na mtu wa kweli ndani yake, kila msikilizaji hupata nafasi ya kumtia wa kwake.

Binti akavuta pumzi, akapiga vile vinne, cha mwisho akakichelewesha.

Nje, karibu na saa 6, tunapakia vyombo kwenye gari na mwimbaji anagawa tunzo kwa fungu kama ada yetu, na binti kapewa lake kamili, sawa na wakubwa. Mara kanijia mama mmoja kajitanda kanga. Ni mke wa marehemu, kumbe naye alikuwa mwalikwa.

"Shemegi, yule mtoto vile vinne kavitoa wapi?"

Nikamwambia nimemfundisha mimi.

"Unamkumbuka vizuri," akasema. Kisha akamgeukia binti, akaushika upinde aliokuwa nao, akautazama nywele zake zilivyokatika. "Huu hauna maisha. Nyumbani upo mwingine, umekaa kabatini bure. Shemegi, nileteeni huyu kesho."

Tumekubaliana saa 10, baada ya darasa. Mwenye shairi wa Maskati nimeshamwandikia kwamba binti anapata upinde, na kwamba mwimbaji anauliza kama kuna shairi jingine.