Usukani umetetema leo njia ya Wete

Leo hapa Pemba natoka Chake kwenda Wete na pikapu ya baba, ile ya zamani inayovuta magurudumu yote manne.

Nipo kama kilomita 70 kwa saa, tairi la mbele likapiga kishimo. Usukani ukaanza kutetema, kushoto kulia, kwa nguvu mpaka mdogo wangu akashika dashibodi. Nikaachia mafuta taratibu. Ukatulia.

Wallahi moyo ulinienda mbio.

Wengi hapa watakwambia badilisha shokapu ya usukani, ile inayopunguza mitikisiko ya usukani. Mzee fundi aliyeikagua gari akakataa: ile inaficha mtetemo tu, ugonjwa unabaki palepale.

Hakupandisha hata jeki. Tairi chini, gari inaunguruma, mdogo wangu anageuza usukani kidogo kidogo, mzee kalala chini anapapasa maungio moja moja. Tairodi endi, yale maungio ya vyuma vinavyogeuza tairi, zote kimya, hazichezi. Akafika kwenye kile chuma kirefu kinachoshika ekseli ya mbele isihame upande.

"Mwanangu, weka mkono hapa."

Nikaweka. Tk. Tk. Kila usukani ukigeuka, chuma kinanigonga kiganjani. Bushi, ule mpira wa kwenye tundu la bolti, imekwisha, bolti inacheza ndani.

Mpaka sasa naisikia ile tk mkononi. Kitu kidogo vile ndicho kilichotaka kututupa mtaroni!

Bushi naagizia Unguja. Ikifika, tutakagua na beringi za magurudumu. Kabla ya hapo gari haitoki.

Wenye gari za ekseli nzima mbele kama hii, yaani chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili za mbele, zenu zikitetema zilikuwa na nini? Na wapi hapa Pemba wanabalansi tairi vizuri? Niambieni jamani.